Jinsi ya Kufuatilia Viota vya Shakwe Visiwani Musambwa bila Kuviharibu

Uganda haina bahari, lakini ina visiwa ambavyo mtu akifikishwa amefumbwa macho angeapa yuko pwani, kwa kelele za shakwe na harufu ya samaki na kinyesi cha ndege. Visiwa vya Musambwa vimo Ziwa Viktoria, mkabala wa ghuba ya Sango katika wilaya ya Kyotera. Ni miamba mitatu yenye majani na vichaka, na juu yake shakwe kichwa-kijivu, ambao wataalamu huwaita Chroicocephalus cirrocephalus, hutaga kwa wingi kuliko mahali pengine popote panapojulikana barani Afrika. Mwaka 2006 eneo hilo, pamoja na ghuba ya Sango na ardhioevu ya mto Kagera, liliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, askari wa wanyamapori au mvuvi mwenyeji aliyekabidhiwa daftari na kuambiwa afuatilie uzazi wa ndege hawa: wanataga mayai mangapi, mangapi yanaanguliwa, na makinda wangapi wanafikia kuruka. Sitaeleza kila kipimo kinachowezekana. Nitakawia zaidi pale ambapo mfuatiliaji mwenyewe huua viota kwa miguu yake, kisha akaandika daftarini kwamba vimeharibiwa na kenge.

Kabla ya kupanda boti

Utafiti wa wanyamapori nchini Uganda unahitaji kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori pamoja na cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na vibali hivyo huchukua muda, kwa hiyo viombwe mapema, kabla msimu haujaanza. Visiwani nako kuna ruhusa ya aina nyingine. Neno lenyewe la Kiganda, emisambwa, humaanisha mizimu ya mahali, na wavuvi wanaoishi huko wana miiko yao: nyoka hawauawi, na mwanamke haruhusiwi kulala kisiwani. Timu yenye wanawake ipange safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, na kila mtu avae buti ndefu, kwa sababu nyoka ni wengi na mwenyeji wako hatakuruhusu umguse hata mmoja kwa fimbo. Zamani wavuvi walikuwa wakiokota mayai ya shakwe kwa ajili ya chakula. Baadaye, kwa kushirikiana na shirika la uhifadhi la NatureUganda, walikubaliana kuacha. Wewe unayefika na ndoo na kalipa, yaani kifaa cha kupimia urefu na upana, ukainama juu ya kiota na kuinua yai, unafanya jambo lile lile waliloambiwa waliache. Waeleze wazee wa kisiwa unachofanya, uwaonyeshe vifaa, na ukiweza mchukue mmoja wao awe mshika daftari. Yeye ndiye atakayekuambia pia ni lini ndege walianza kutaga.

Hilo la mwisho lina uzito, kwa sababu karibu na ikweta kalenda haiaminiki. Katika nchi za baridi shakwe hutaga majira ya kuchipua, na mtafiti anaweza kukata tiketi mwaka mmoja kabla. Katika visiwa vya tropiki ndege huongozwa na chakula na mvua, na wakati mwingine na mzunguko wao wenyewe. Mfano mashuhuri ni wa kisiwa cha Ascension katika bahari ya Atlantiki, ambako buabua mwenye mgongo mweusi, Onychoprion fuscatus, ndege wa ukoo wa shakwe, hurudi kutaga kila baada ya miezi 9.6 hivi, kwa hiyo msimu wake huzunguka mwaka mzima bila kujali Januari wala Julai. Sisemi kwamba shakwe wa Musambwa wana mzunguko huo. Ninachosema ni kwamba usifunge safari kwa kutazama tarehe za mwaka jana. Tazama dalili: kichwa cha shakwe mzima kimekolea kijivu, jike anamfuata dume huku akiinamisha kichwa na kuomba, dume anamtapikia chakula, na wawili hao wanasugua kifua ardhini kufanya kishimo. Ukiona vishimo vitupu vyenye majani makavu machache, umebakiwa na siku chache kabla ya yai la kwanza, na huo ndio wakati mzuri wa kuchagua maeneo ya sampuli, kwa sababu kiota kitupu hakina cha kupoteza.

Saa za kuingia, na muda wa kukaa

Watu wengi hudhani kwamba ndege huatamia ili kulipasha yai joto. Juu ya mwamba wa ikweta, saa sita mchana, mzazi anayekaa juu ya yai mara nyingi analikinga lisiive. Kijusi cha ndege hustahimili kupoa kwa muda kuliko kinavyostahimili joto linalozidi nyuzi 40 hivi za Selsiasi, na jiwe lililo juani hufika huko upesi sana. Kwa hiyo ingia kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi na moja jioni, na usiingie kabisa mvua inaponyesha au inapokaribia, kwa kuwa kinda mwenye malaika tu, yaani vinyoya laini vya mwanzo, asiye na manyoya ya kumwaga maji, akilowa hupoa na kufa. Dhoruba za Ziwa Viktoria hupenda kuja usiku na alfajiri. Angalia anga kabla ya kuondoka mwaloni, vaa jaketi la kuokolea, na ukiona wingu jeusi upande wa ziwa, kunywa chai kwanza.

Gawa kundi katika sehemu ndogo kiasi kwamba hakuna sehemu inayokukalisha zaidi ya dakika ishirini. Mtu mmoja ashike saa, na kazi yake iwe hiyo tu. Nililijifunza hili kwa aibu. Katika safari yangu ya kwanza tulikuwa watano, mmoja wetu akawa anatafuta picha nzuri, na tulipotazama saa tulikuwa tumekaa dakika hamsini na kidogo. Makinda wenye umri wa wiki moja walikuwa wamekimbia kutoka viotani mwao na kuingia katika maeneo ya majirani, na shakwe hana huruma na kinda asiye wake: humdonoa kichwani mpaka afe, na pengine humla. Tulihesabu makinda kumi na mmoja waliokufa katika sehemu ambayo asubuhi ile haikuwa na hata mmoja. Hakuna mnyama mwingine aliyekuwa pale.

Ndiyo maana ratiba ya kufaa ni hii: tembelea kila siku ya tatu wakati wa kutaga, kila siku ya nne au ya tano wakati wa kuatamia, na makinda wakishaanza kukimbia usipite tena katikati ya kundi, watazame kwa darubini kutoka pembeni au kutoka kwenye boti. Takwimu utakazokosa kwa kutoingia ni chache kuliko zile utakazoziharibu kwa kuingia.

Kuhesabu viota

Kundi likiwa kubwa huwezi kuhesabu kila kiota, na hata ukijaribu utaruka vingi vilivyofichwa na nyasi. Chagua miraba ya mita kumi kwa kumi, baadhi katikati ya kundi na baadhi pembezoni, kwa sababu viota vya pembezoni hupotea zaidi na ukivisahau utapata picha ya kupendeza isiyo ya kweli. Ndani ya kila mraba tumia timu mbili zinazofuatana. Timu ya kwanza huweka alama katika kila kiota inachokiona, kwa mfano kokoto iliyopakwa chokaa. Timu ya pili hupita baadaye bila kuongozwa, huhesabu viota vyote inavyoviona, na kuandika vingapi kati yake vilikuwa na alama. Zidisha hesabu ya kwanza kwa ya pili, kisha gawanya kwa idadi ya vilivyoonwa na timu zote mbili. Tuseme timu ya kwanza iliweka alama viota 180, ya pili iliona 160, na 144 kati ya hivyo vilikuwa na alama. 180 mara 160 ni 28,800. Gawanya kwa 144, unapata viota 200. Yaani timu ya kwanza, iliyodhani imemaliza, iliruka ishirini.

Viota utakavyovifuatilia mmoja mmoja vipe namba kwa kijiti kifupi kilichopigwa ardhini umbali wa hatua moja kutoka kiotani, na upande uwe ule ule kwa viota vyote. Usitumie vitambaa vyekundu wala bendera. Kunguru ni ndege mwerevu, na haichukui siku nyingi akafahamu kwamba penye kitambaa pana mayai.

Yai mkononi

Shakwe kichwa-kijivu hutaga mayai mawili au matatu kwa kawaida, yenye rangi ya kahawia au ya zeituni na madoa meusi, na huyataga kwa kupishana siku moja hadi mbili au zaidi kidogo. Linganisha na yule buabua wa Ascension anayetaga yai moja tu: anayevua mbali katika bahari yenye chakula haba hana uwezo wa kulisha makinda watatu, ilhali shakwe wetu ana mukene, yaani dagaa, karibu na mlango, pamoja na wadudu wa ziwani na mabaki ya wavuvi. Idadi ya mayai katika kiota inakupa fununu ya hali ya chakula kabla hujamwona kinda hata mmoja, kwa hiyo iandike kwa uangalifu, na usiite kiota kuwa kimekamilika mpaka umekikuta na idadi ile ile mara mbili mfululizo.

Weka alama kwenye yai kwa penseli laini: A kwa la kwanza, B kwa la pili, C kwa la tatu. Kalamu ya wino yenye harufu kali usiitumie, kwa kuwa ganda lina vinyweleo ambamo kijusi hupumulia. Pima urefu na upana kwa kalipa mara moja tu. Vipimo hivyo havibadiliki, na kulishika yai mara ya pili ni kujifurahisha. Ujazo hukadiriwa kwa kuzidisha 0.51 kwa urefu, kisha kwa upana, kisha kwa upana tena. Yai la sentimita 5.3 kwa 3.7 litakuwa na sentimita za ujazo 37 hivi. Kwa shakwe wengi yai la C ni dogo kuliko wenzake, na kwa kuwa wazazi huanza kuatamia kabla halijatagwa, kinda wake hutoka mwisho, akiwakuta kaka zake wameshakula siku moja au mbili. Chakula kikiwa tele atapona. Kikipungua ndiye wa kwanza kufa. Mtu akikuuliza kwa nini unahangaika na herufi tatu za penseli, jibu ni huyo kinda wa C, kwa sababu hatima yake inaeleza hali ya ziwa kwa msimu huo.

Kama umekuta kiota tayari kina mayai na hujui yalitagwa lini, yapime kwa maji. Yai hupoteza mvuke siku zote za kuatamiwa, kiasi cha asilimia 15 hivi ya uzito wake hadi kuanguliwa, na nafasi hiyo hujazwa na hewa upande wa butu. Chukua chombo kisafi chenye maji ya uvuguvugu, ulitie yai taratibu. Likilala chini ubavu, ni bichi, la siku chache. Likiinua upande wa butu huku ncha ikigusa chini, limeendelea. Likisimama wima chini, linakaribia kuinuka. Likielea, na sehemu ya ganda ikatokeza juu ya maji, limepita nusu ya safari, na kadiri linavyotokeza ndivyo siku zilivyobaki chache. Chora unachokiona badala ya kuandika maneno, kisha linganisha michoro yako na mayai yale ambayo tarehe zake unazijua, ili upate kipimo cha kundi lako mwenyewe. Yai lililokwisha kupata nyufa za nyota, au linalolia ukiliweka sikioni, usilitie majini kabisa; maji yataingia na kumzamisha kinda aliyebakiza kutoka. Likaushe yai kwa kitambaa safi na ulirudishe katika mkao uliolikuta nao.

Ni nani aliyekipata kiota

Wazazi wote wawili huatamia kwa zamu, kwa muda wa wiki tatu na siku kadhaa. Ukirudi ukakuta kiota kitupu, usikimbilie kuandika kwamba kimeliwa. Niko Tinbergen, mtaalamu wa tabia za wanyama aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alionyesha kwa majaribio juu ya shakwe wa Uingereza, ndugu wa karibu wa huyu wetu, kwamba mzazi hulibeba kaka la yai na kulitupa mbali baada ya kinda kutoka, kwa sababu weupe wa ndani ya ganda huwaita kunguru. Kwa hiyo kukosekana kwa maganda si ushahidi wa maafa. Fukua majani ya kiota kwa kidole: vipande vidogo sana vya ganda, vilivyoachana na utando wake, ni dalili ya kuanguliwa. Vipande vikubwa vyenye ute na kiini ni kazi ya ndege mlaji. Kenge hulimeza yai zima, asiache chochote, na kiota utakikuta kisafi kama kilichofagiliwa. Hapo tafuta mburuzo wa mkia kwenye mchanga au udongo. Ukikosa ushahidi, andika "haijulikani". Daftari lenye "haijulikani" nyingi linaaminika kuliko lenye majibu yote.

Angalia pia maji. Ziwa Viktoria halina kupwa na kujaa kama bahari, ila kina chake hubadilika mwaka hadi mwaka; Mei 2020 kilifikia mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, juu kidogo ya rekodi ya 1964. Viota vya chini vinaweza kusombwa na mawimbi usiku mmoja, na hilo nalo ni sababu inayostahili safu yake daftarini.

Hesabu ya mwisho ya mayai hukosewa na watu wengi, tena wasomi. Huchukua viota vyote walivyovikuta, wakahesabu vilivyofaulu, wakatoa asilimia. Lakini kiota kilichokufa siku ya pili hukukiona, na kile ulichokikuta kimebakiza siku tatu kilikuwa kimeshavuka hatari nyingi bila wewe. Asilimia hiyo itakuwa kubwa kuliko ukweli. Njia aliyoichapisha mtafiti wa ndege Harold Mayfield mwaka 1961 hurekebisha jambo hili kwa kuhesabu siku ambazo viota vilikuwa chini ya macho yako. Viota 40 vilivyotazamwa kwa jumla ya siku 500, na 10 kati yake vikapotea, vina hasara ya 10 kwa 500, yaani 0.02 kwa siku. Uwezekano wa kiota kuvuka siku moja ni 0.98, na tukichukua siku 24 za kuatamia kwa ajili ya hesabu, 0.98 ikijizidisha mara 24 inatoa 0.62, yaani asilimia 62. Mtu wa asilimia ya haraka angeandika 75.

Makinda, na majirani wa mitini

Kinda wa shakwe huzaliwa macho wazi, ana malaika yenye madoa, na baada ya siku chache hujificha majanini. Ukitaka kujua wangapi wanafikia kuruka, zungushia viota vichache ua wa wavu laini wenye kimo cha nusu mita, kabla mayai hayajaanguliwa, ukiacha kichaka ndani kwa ajili ya kivuli. Wazazi wataruka juu ya ua na kulisha kama kawaida. Ukague ua kila unapopita, kwa sababu tundu moja la kunasa shingo linatosha kuharibu sampuli. Pima uzito kwa mizani ya springi na mfuko mwepesi wa kitambaa, na kinda akitapika chakula mkononi mwako, andika kilikuwa samaki au mdudu, kisha mrudishe mara moja. Pete za miguuni ni kazi ya aliyefundishwa na kupewa kibali, si ya kujaribia.

Mnandi na yangeyange wanaojenga juu ya miti ya visiwa hivyo hivyo ni habari nyingine kabisa. Kinda wa mnandi hutoka yaini uchi, ngozi nyeusi isiyo na hata uzi wa malaika, na mzazi akiondoka, jua humwua kwa dakika chache. Usipande, usipige makofi, usipite chini ya mti. Wahesabu kutoka kwenye boti kwa darubini, asubuhi, jua likiwa mgongoni mwako.

Ukikuta ndege wazima wengi wamekufa, simamisha kazi yote. Mwanzoni mwa 2017 mafua ya ndege ya aina ya H5N8 yaliua buabua kando ya ziwa hili hili, upande wa Uganda. Usiguse mzoga, usihamie sehemu nyingine ya kundi na buti zile zile, piga picha kutoka mbali na umpigie simu daktari wa mifugo wa wilaya siku hiyo hiyo.

Siku ya mwisho ng'oa kila kijiti na kila kipande cha wavu, ukihesabu kwa kulinganisha na orodha uliyoandika siku ya kwanza. Nakala ya hesabu iachwe kisiwani, kwa mshika daftari, ikiwa imeandikwa kwa lugha wanayoisoma wao, pamoja na tarehe ya yai la kwanza.